Kujaribu nguo kwa simu: Mwenye duka apige hesabu kabla ya kununua programu

MTEJA anayenunua gauni dukani hulishika, huingia nalo kwenye chumba cha kujaribia na kujitazama kwenye kioo. Likimbana kifuani hulirudisha lilipokuwa, na mwenye duka hapotezi hata senti moja. Anayenunua kwa mtandao hana kioo wala chumba. Chumba chake cha kujaribia ni sebule yake mwenyewe, na gauni likimbana linarudi dukani kwa nauli ambayo lazima mtu ailipe.

Nauli hiyo si jambo dogo. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la Marekani, NRF, lilikadiria kuwa bidhaa zilizorudishwa na wateja nchini humo mwaka 2024 zingefikia thamani ya dola bilioni 890, sawa na asilimia 16.9 ya mauzo yote ya mwaka. Kwa nguo zinazouzwa mtandaoni mzigo ni mkubwa zaidi. Zalando ya Ujerumani, mojawapo ya kampuni kubwa za kuuza nguo mtandaoni barani Ulaya, imekuwa ikieleza kwamba karibu nusu ya bidhaa inazotuma kwa wateja hurudi.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa biashara nyingine, ya kuuza programu zinazomwezesha mteja kujaribu nguo akiwa nyumbani kwa kutumia simu yake. Kwa miaka mingi programu hizo zilikuwa za makampuni makubwa tu. Leo, kutokana na kukua kwa akili bandia, zipo ambazo hata mwenye duka dogo anayeuza kwa WhatsApp au Instagram anaweza kuzikodi kwa malipo ya kila mwezi.

Swali kwa mfanyabiashara si kama teknolojia hiyo inavutia. Inavutia. Swali ni ipi kati ya hizo inatibu ugonjwa alionao, na je, dawa yenyewe ni nafuu kuliko ugonjwa?

Ilikotoka

Wazo hili si geni. Mwaka 1998 kampuni ya Lands' End ya Marekani, iliyokuwa maarufu kwa kuuza nguo kwa katalogi, iliweka kwenye tovuti yake mdoli wa kuchorwa ambaye mteja alimpa umbo linalofanana na lake kisha akamvalisha nguo. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya My Virtual Model ya Montreal, Canada.

Mwaka uliofuata, Novemba 1999, duka la mtandaoni la Boo.com lilifunguliwa London kwa kishindo. Mteja aliweza kuigeuza nguo pande zote na kuivalisha mdoli kwenye skrini. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi za majumbani wakati huo ziliunganishwa na intaneti kwa laini ya kawaida ya simu, hivyo kurasa za duka zilichukua muda mrefu kufunguka. Wateja walichoka kusubiri. Mei 2000 kampuni ilifungwa ikiwa imekwishatumia takriban dola milioni 135. Ilikuwa na makosa mengine pia, yakiwemo matumizi makubwa kuliko mapato, lakini somo moja halijachakaa: teknolojia hupimwa kwa simu aliyonayo mteja, siyo kwa kompyuta ya anayeiuza.

Makundi matatu

Kinachoitwa kwa jina moja la kujaribu nguo mtandaoni kwa kweli ni vitu vitatu tofauti, na mfanyabiashara asiyevitofautisha anaweza kununua jembe akidhani amenunua panga.

Kundi la kwanza ni programu za kushauri saizi. Hizi hazionyeshi picha ya mteja amevaa nguo. Humuuliza urefu, uzito, umri na pengine saizi anayovaa kwa kampuni nyingine, kisha humwambia achukue M au L. Nguvu yake ni kumbukumbu za mauzo. Programu hutazama watu wenye umbo kama lake walinunua nini, nani alibaki na nguo na nani alirudisha.

Kundi la pili ni programu za picha. Mteja huchagua mtu anayefanana naye, au huweka picha yake mwenyewe, na programu humchora akiwa amevaa nguo anayoitaka. Walmart ya Marekani ilinunua kampuni ya Zeekit ya Israel mwaka 2021 kwa ajili ya kazi hiyo. Machi 2022 ilianza kwa kuwapa wateja watu 50 wa kuchagua, wa urefu na unene tofauti, na Septemba mwaka huo ikawaruhusu kutumia picha zao wenyewe. Google nayo ilianza Juni 2023 na blauzi za wanawake nchini Marekani, na mwaka 2025 ikafungua mlango wa mteja kutumia picha yake.

Kundi la tatu ni vifaa na programu za kupima mwili. Hapa kamera ya simu hugeuzwa kuwa tepu ya fundi cherehani, ikatoa sentimita za kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mguu.

Picha si kipimo

Wafanyabiashara wengi huvutiwa na kundi la pili kwa sababu ndilo linaloonekana kwa macho. Hata hivyo, hapa ndipo penye mtego.

Programu ya picha haipimi kitambaa. Inachofanya ni kubashiri jinsi nguo ingeonekana mwilini, kisha kuichora upya. Huweza kuonyesha mikunjo, kivuli na jinsi kitambaa kinavyoning'inia, lakini haijui kama vifungo vitafungika. Gauni la saizi ndogo linaweza kumkaa mteja vizuri kabisa kwenye picha, likafika nyumbani likagoma kupita mabegani. Mteja huyo atalirudisha akiwa na hasira kuliko yule ambaye hakuonyeshwa picha yoyote, kwa kuwa anaona ameahidiwa.

Kwa wauza vitenge kuna jambo la ziada. Programu zinazochora nguo upya hupata shida na maua madogo madogo, maandishi na michoro yenye mistari mingi. Mchoro unaweza kutoka umebadilika kidogo, na kwa mnunuzi wa kitenge au khanga mchoro ndiyo bidhaa yenyewe.

Hii haina maana kuwa picha hazina faida. Zinajibu swali la mteja anayejiuliza, "Je, rangi hii na mtindo huu vitanipendeza?" Hazijibu swali la, "Je, itanitosha?" Anayeuza mitandio, kofia au magauni mapana ya kujiachia anaweza kunufaika nazo. Anayeuza suruali za jinzi za kubana asizitegemee.

Mambo ni tofauti kwa bidhaa za usoni. Miwani haina kitambaa cha kuvutika, na kamera inaweza kuona umbali kati ya macho na upana wa uso. Ndiyo maana kampuni ya miwani ya Warby Parker ya Marekani ilipoanza huduma ya kujaribu fremu kwa simu mwaka 2019, na L'Oréal ya Ufaransa ilipoinunua ModiFace ya Toronto mwaka 2018 kwa ajili ya rangi za midomo na nywele, walikuwa wamechagua bidhaa ambazo kazi hii inazimudu zaidi.

Funzo la Japan

Kisa kinachofaa kusomwa na kila mwenye duka ni cha Zozo, kampuni inayomiliki duka la mtandaoni la Zozotown nchini Japan. Novemba 2017 ilitangaza vazi la kubana mwili lililoitwa Zozosuit. Toleo lililosambazwa mwaka 2018 lilikuwa na mamia ya vidoti vyeupe. Mteja alilivaa, akasimama mbele ya simu yake na kugeuka hatua kwa hatua kama mshale wa saa, simu ikapiga picha na kutoa vipimo vya mwili wake.

Lengo lilikuwa kuuza nguo za Zozo zenyewe zilizoshonwa kwa vipimo vya kila mtu. Mavazi hayo ya kupimia yaligawiwa kwa wingi karibu bure. Hata hivyo, kupima ni jambo moja na kushona ni jingine. Baadhi ya wateja walioagiza suti mwaka 2018 walicheleweshewa, na kupokea vazi la kupimia hakukuwa na maana kuwa mtu angenunua nguo. Oktoba 2018 mwanzilishi wa kampuni, Yusaku Maezawa, alisema ugawaji utapunguzwa kwa kuwa vipimo vilivyokwishakusanywa viliwezesha kukadiria saizi ya mteja bila kumvalisha chochote.

Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilikuja na kitu kidogo zaidi, Zozomat, karatasi yenye vidoti ambayo mteja hukanyaga na kupiga picha ili apate vipimo vya mguu kwa ajili ya viatu. Karatasi ni nafuu kuchapa na kutuma, na mguu wa mtu mzima haubadiliki sana kama kiuno chake.

Tofauti ya mambo haya mawili inaeleweka kwa mkulima yeyote. Trekta ni zuri, lakini kwa mwenye ekari moja jembe la kukokotwa na ng'ombe huleta faida mapema zaidi.

Hesabu ya daftari

Chukulia mfanyabiashara anauza magauni 300 kwa mwezi kwa mtandao, kila moja Sh40,000, na faida yake ni Sh10,000 kwa gauni. Katika hayo 60 yanarudi. Kila gauni linalorudi humgharimu Sh6,000 kwa bodaboda ya kwenda na kurudi, kupigwa pasi na mfuko mpya. Hasara yake ni Sh360,000 kwa mwezi.

Anakuja muuzaji wa programu ya kushauri saizi na kudai Sh200,000 kwa mwezi. Kwa haraka mtu anaweza kusema ni nafuu, kwani 200,000 ni ndogo kuliko 360,000. Hesabu hiyo ni ya uongo.

Si magauni yote 60 yaliyorudi kwa sababu ya saizi. Mengine yamerudi kwa sababu rangi haikufanana na picha, kitambaa kilikuwa chepesi, mzigo ulichelewa au mteja alibadili mawazo. Zalando imewahi kueleza kuwa karibu theluthi moja ya bidhaa zinazorudi kwake hutokana na saizi. Tukichukua theluthi hiyo kama mfano, ni magauni 20, yenye hasara ya Sh120,000. Yaani hata kama programu ingemaliza tatizo la saizi lote, bado mwenye duka angepata hasara ya Sh80,000 kila mwezi.

Na hakuna programu inayomaliza tatizo lote. Zalando, ambayo ina wataalamu wake na kumbukumbu za mamilioni ya wateja, ilieleza mwaka 2023 kuwa ushauri wake wa saizi umepunguza kurudi kwa nguo kunakotokana na saizi kwa asilimia 10, ikilinganishwa na bidhaa zisizo na ushauri huo. Asilimia 10 ya magauni 20 ni mawili. Mwenye duka wetu ataokoa Sh12,000 kwa kulipa Sh200,000.

Je, ni wakati gani programu itajilipa? Ili kuokoa Sh200,000 kwa Sh6,000 kila gauni, inabidi izuie magauni 34 kurudi. Kwa asilimia 10, lazima yawepo 340 yanayorudi kwa saizi, ambayo ni theluthi ya 1,020 yanayorudi kwa sababu zote, na hayo ni moja ya tano ya magauni 5,100 yaliyouzwa. Kwa hiyo, kwa bei hiyo, programu inamfaa anayeuza zaidi ya magauni 5,000 kwa mwezi, si 300.

Muuzaji wa programu atasema kuwa faida si kupunguza kurudi tu, bali pia kuongeza wanunuzi. Hoja hiyo ni ya kweli na ipimwe kwa kalamu ile ile. Baada ya kuondoa Sh12,000 zilizookolewa, zinabaki Sh188,000 za kufidia. Kwa faida ya Sh10,000 kwa gauni, duka linahitaji kuuza magauni 19 zaidi kila mwezi, tena yale yanayobaki kwa mteja. Mwenye duka ajiulize kama anaona dalili ya wateja hao 19.

Mitumba na saizi

Wanaouza mitumba wana kikwazo kingine. Programu za kushauri saizi hujifunza kutokana na nguo moja kuuzwa mara nyingi. Blauzi ile ile ikiuzwa kwa watu 500 na 80 wakairudisha wakisema inabana, programu inajua inabana. Katika belo la mitumba kila nguo ni ya peke yake. Ikishauzwa imekwenda, na programu haijajifunza kitu.

Lebo nazo hazisaidii. Nguo iliyoandikwa 12 kutoka Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya nchi nyingi za Ulaya, na hata ndani ya nchi moja 12 ya kiwanda hiki si 12 ya kile. Isitoshe, nguo iliyofuliwa mara nyingi huenda imesinyaa au imelegea.

Kwa muuzaji wa namna hiyo kuna njia isiyo na malipo ya mwezi. Kampuni ya Virtusize, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2011, ilijengwa juu ya wazo rahisi kwamba mteja alinganishe nguo anayotaka na nguo aliyonayo inayomkaa vizuri. Wazo hilo linaweza kutumiwa na yeyote mwenye tepu ya fundi. Muuzaji hulaza nguo mezani, hupima kutoka kwapa hadi kwapa, upana wa kiuno, nyonga na urefu, kisha huandika sentimita hizo chini ya picha. Mteja naye huambiwa alaze gauni lake analolipenda na kulipima hivyo hivyo. Namba zikikaribiana, ananunua.

Picha mbili za nje kwenye mwanga wa asubuhi, moja ikionyesha kitambaa kwa karibu, hupunguza malalamiko ya rangi, sababu ambayo programu ya saizi haiigusi kabisa.

Picha ya mteja ni dhamana

Anayeamua kutumia programu inayochukua picha za wateja anabeba jukumu jingine. Jimbo la Illinois nchini Marekani lina sheria ya mwaka 2008 inayolinda alama za mwili, yakiwemo maumbo ya uso, na fidia yake ni dola 1,000 kwa uzembe au dola 5,000 kwa makusudi. Wauzaji kadhaa waliokuwa na huduma za kujaribu miwani na vipodozi mtandaoni wamejikuta wakishtakiwa chini ya sheria hiyo.

Afrika Mashariki nako kuna sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya mwanamke aliyoituma ili ajaribu gauni si mali ya duka. Mwenye duka lazima ajue inahifadhiwa nchi gani, kwa muda gani, na nani mwingine anaiona. Mtaani habari za picha iliyovuja husambaa kuliko tangazo lolote, na mteja aliyeaibishwa harudi.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutia saini, mfanyabiashara amuulize muuzaji wa programu mambo haya:

Je, inafunguka kwenye simu ya bei nafuu yenye intaneti hafifu, na inakula bando kiasi gani? Jaribio lifanyike kwenye simu ya mteja wa kawaida, siyo ya muuzaji.

Malipo ni ya mwezi, ya kila picha, au ni asilimia ya mauzo? Malipo ya kila picha yanaweza kupanda hata kama hakuna aliyenunua, kwani watu hupenda kujaribu kwa kujifurahisha.

Nani atapima nguo na kuingiza vipimo? Mara nyingi kazi hiyo inamwangukia mwenye duka, na haimo kwenye bei iliyotajwa.

Kampuni ikinunuliwa itakuwaje? Fits.me ya Estonia ilinunuliwa na Rakuten ya Japan mwaka 2015, na Fit Analytics ya Berlin ikanunuliwa na Snap mwaka 2021. Mmiliki mpya anaweza kuwa na malengo yake. Mkataba useme wazi kuwa vipimo na kumbukumbu za duka vinabaki mali ya duka.

Mwisho, je, kuna miezi miwili au mitatu ya majaribio? Kama ipo, ifanyike kama mkulima anavyolinganisha mbegu mbili katika shamba moja, kwa msimu mmoja. Nusu ya nguo ziwekewe programu na nusu zisiwekewe, katika miezi ile ile, kisha zihesabiwe zilizouzwa na zilizorudi kila upande. Kulinganisha mauzo ya sikukuu na ya Februari ni sawa na kulinganisha mahindi ya masika na ya kiangazi.

Kinachotangulia vyote ni daftari la nguo zilizorudi, lenye safu nne tu: tarehe, nguo, sababu na gharama. Miezi mitatu ya daftari hilo itaonyesha kama ugonjwa ni saizi, rangi au ucheleweshaji wa mzigo, na dawa itajulikana. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wakati huo, tepu ya fundi inaweza kuanza kazi leo hii, kabla ya bili yoyote ya programu kufika.